Neno Nililolipiga Marufuku

Kwa miaka kumi na tisa nilipigana vita na neno moja la Kiingereza, na siku niliyoshindwa nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu. Mume wangu yuko hai na anajua nasema hivi, kwa hiyo msimhurumie.

Neno lenyewe ni simply. Lina herufi sita na halina kosa lolote kwa wenyewe. Mwingereza akikwambia amekueleza jambo simply, ana maana amekueleza kwa njia rahisi, bila kuzungukazunguka. Shida ni sisi. Sisi Wamalayali, watu wa jimbo la Kerala kusini mwa India, tuna neno letu, chumma, na siku haipiti bila kulisema mara hamsini. Ukimkuta mtu amekaa kibarazani ukamuuliza anafanya nini, atakwambia chumma, yaani nimekaa hivi hivi tu. Unacheka nini? Chumma. Mbona umepiga simu? Chumma. Umemwambia mtoto kwamba bibi yake amehamia mwezini, mtoto akaangua kilio, unambembeleza: chumma, nilikuwa nakutania. Sasa kuna mtu, sijui ni nani, na nikimjua atanitambua, aliyetuambia zamani kwamba chumma kwa Kiingereza ni simply. Tukamwamini jimbo zima. Ndiyo maana muuguzi wa kwetu akiulizwa na Mwingereza mbona mgonjwa analia, hujibu kwa uso mkavu, "Simply." Mwingereza hubaki pale akingoja sentensi iishe.

Naitwa Sosamma. Nimestaafu ualimu wa shule, na darasa langu liko hapa Pala, juu ya duka la mikate la Kunjachan. Wanafunzi wangu ni wauguzi wanaotaka kwenda kufanya kazi Ulaya. Mtihani wao una sehemu ya kuzungumza: unapewa kadi, wewe unakuwa muuguzi, mtahini anajifanya mgonjwa, mnaongea dakika tano na kila neno linarekodiwa. Ukutani nilibandika karatasi yenye herufi kubwa: ATAKAYESEMA SIMPLY ATAOSHA GLASI. Ni glasi za chai ya saa nne, za watu ishirini na wawili, na Kunjachan hakuwahi kuajiri mtu wa kuosha vyombo tangu nilipohamia juu yake.

Mwezi wa sita, mvua ikiwa imeshika kasi, akaja Shiji. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, kumi na miwili kati ya hiyo ameimaliza wodini kwenye hospitali moja nje ya mji. Mumewe, Jobish, alikuwa Ayalandi mwaka wa tatu huo, akihudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Binti yao Nimmi alikuwa hajaanza kutembea vizuri baba yake alipoondoka. Sasa alikuwa anajua kuimba, na kila akiona simu, iwe ya nani, aliiita Baba.

Hospitali moja kule kwa Jobish ilikuwa imemkubali Shiji. Barua yake ilisema nafasi itamngoja mpaka mwisho wa mwezi wa tisa, baada ya hapo itakwenda kwa mwingine. Kilichobaki ni mtihani, na alikuwa ameshaufanya mara mbili. Kusoma alifaulu, kuandika alifaulu, kusikiliza alifaulu.

"Uliangukia wapi?" nikamuuliza siku ya kwanza, mbele ya darasa zima. Mimi sina siri na wanafunzi wangu.

"Kwenye kuzungumza, Ticha. Mara zote mbili."

"Kuzungumza najua. Nauliza ulisema nini."

Akafikiri. "Mara ya pili mtahini alikuwa mgonjwa mzee. Nikabisha hodi, nikaingia. Akaniuliza, umekuja kufanya nini chumbani kwangu? Nikamjibu."

"Ukamjibu nini?"

Akaitazama ile karatasi ukutani. Kisha akatazama viatu vyake.

"Nilimwambia simply, Ticha."

"Halafu?"

"Akanyamaza. Nikadhani hakunisikia. Nikarudia. Simply, simply."

Mstari wa mbele alikaa Tijo, muuguzi wa kiume, hodari wa sindano na hodari zaidi wa mdomo. Akageuka. "Mara tatu hizo, dada Shiji. Glasi sitini na sita. Leo hulali nyumbani."

Darasa likacheka, Shiji naye akacheka kidogo, na mimi nikaapa moyoni kwamba huyu nitamng'oa lile neno kama jino bovu.

Nikamng'oa kweli. Wiki ya kwanza aliosha glasi mara nne. Wiki ya pili mara moja. Kuanzia ya tatu hakuosha tena, na mimi nikawa natembea kifua mbele, namtolea mfano kwa wenzake. Mjinga mimi. Sikuona kwamba Shiji hakuacha kukosea, aliacha kusema. Zamani alikuwa akiropoka Kiingereza chake cha wodini, kibovu lakini kinatembea. Sasa kila sentensi aliipima kabla ya kuitoa, na nyingi hakuzitoa kabisa.

Mwisho wa mwezi wa saba nikawapa mtihani wa majaribio. Mimi ndiye niliyekuwa mgonjwa: bibi kizee aliyegoma kula. Shiji akabisha hodi kwenye meza, akavuta kiti.

"Umekuja kufanya nini hapa?" nikamuuliza kwa Kiingereza, kwa sauti ya bibi mkorofi, sauti ambayo kwa kweli sihitaji kuiigiza.

Akafungua kinywa. Akakifunga. Saa ya ukutani ilikuwa ikisikika. Nilihesabu sekunde kumi na moja, na kwenye mtihani sekunde kumi na moja za kimya ni kaburi.

Uvumilivu ukanishinda. "Sema kitu. Hata ukisema umekuja kuninyonga, sema tu."

"Ticha, usimpe mawazo," akasema Tijo, lakini hakuna aliyecheka.

Shiji alikuwa amesimama. Macho yake yalikuwa mekundu, na alisema kwa lugha yetu, pole pole, kama mtu anayemweleza mgonjwa majibu ya vipimo.

"Ticha, umeninyang'anya neno, na hujanipa jingine."

Akachukua mwavuli wake akashuka ngazi.

Nilikasirika siku mbili nzima. Nilimwambia mume wangu kwamba vijana wa siku hizi hawana adabu, hawafundishiki, wanataka Ulaya iwafuate mlangoni. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwani huyo binti amekosea?" Siku hiyo alijipakulia chakula mwenyewe.

Siku ya tatu nikaenda hospitali kumwona kaka yangu Pappachan, aliyekuwa amefanyiwa upasuaji wa ngiri. Ilikuwa saa nane mchana, wauguzi wa asubuhi wanawapisha wa jioni. Sikuwa nimejua kwamba wodi ile ndiyo ya Shiji. Nilimwona akitokea chumba cha kubadilishia nguo, ameshavua sare, mkoba begani na mwavuli mkononi, zamu yake imekwisha. Nikajificha nyuma ya pazia la kitanda cha Pappachan. Sikutaka tusalimiane.

Hakwenda mlangoni. Alikwenda kwenye kitanda cha pembeni, alikolala bibi mmoja aliyevunjika nyonga. Pappachan alikuwa ameshanisimulia habari zake: hana mtu wa kuja kumwona, na kila anayemkaribia humgeuzia ukuta, kwa sababu kila anayemkaribia amekuja ama kumdunga ama kumvuta mguu. Shiji akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Sindano tena?" bibi akauliza bila kugeuka.

"Hapana, Ammachi," akasema Shiji, akimwita kama tunavyowaita bibi zetu kwa heshima.

"Mguu?"

"Wala mguu."

"Basi unataka nini?"

"Chumma," akasema Shiji.

Bibi akageuza uso wake. Akamtazama kwa muda, kuanzia mkoba mpaka mwavuli, akaona kwamba ni kweli, hana sindano wala dawa. Kisha akasema, "Sogeza hicho kikombe ukae vizuri." Wakaanza kuongea habari za mfenesi wa bibi, ulioinamia uani kwa jirani, na jirani aliyekuwa akijidai hajui mafenesi yanakokwenda. Bibi alimtukana yule jirani kwa ufasaha mkubwa. Shiji alicheka mpaka akashika tumbo.

Mimi nilisimama nyuma ya pazia na machozi yakanitoka, siwezi kuficha. Miaka kumi na tisa nilikuwa nikiwaambia watu kwamba chumma maana yake ni bila sababu. Maana hiyo niliitoa kwenye kamusi. Lakini yule binti hakuwa amekaa pale bila sababu. Alikuwa anamwambia bibi: sikuja kwa ajili ya mguu wako wala dawa yako, nimekuja kwa ajili yako wewe. Yote hayo kwa neno moja. Na mimi ndiye niliyemfanya aogope kulisema hata kwa lugha nyingine.

"Sosamma, unalia nini?" akauliza Pappachan.

"Chumma," nikamwambia.

"Mimi ndiye niliyepasuliwa," akasema, "na wewe ndiye unayelia."

Kuomba radhi sina mazoea nako, lakini jioni ile nilimpigia Shiji simu. Nilimwambia aje kesho, kuna neno lake ninalo, nataka kumrudishia. Akasema atakuja baada ya zamu.

Kesho yake sikugusa vitabu. Karatasi niliiacha ukutani, maana kosa ni kosa, lakini niliwaambia, "Leo Kiingereza tunakiweka pembeni kwanza. Kila mmoja anitajie mara ya mwisho aliposema chumma, na alimwambia nani."

Wakatazamana. Tijo ndiye aliyeanza, kama kawaida. "Jana, Ticha. Nilimwambia mama yangu nimeacha kazi nakuwa mchekeshaji. Alipoinua mwiko nikamwambia chumma."

"Basi kwa Kiingereza ungemwambia nini ili usipigwe?"

"Kwamba natania tu."

"Umeona. Hiyo ni chumma moja, na Kiingereza chake kipo."

Wakafunguka. Mmoja alisema chumma kwa mumewe aliyemuuliza mbona amenuna, na darasa zima likakubaliana kwamba ile haikuwa hivi hivi tu hata kidogo, ilikuwa na sababu kumi na zote ni mama mkwe. Mwingine aliisema kwa mlinzi wa benki aliyemkuta amesimama kivulini. Kila moja tuliipindua, tukaangalia chini yake kuna nini, tukaitafutia maneno ya Kiingereza yanayobeba kile kile. Wakati mwingine lilitosha neno moja, wakati mwingine ilibidi sentensi mbili. Lakini simply haikufaa hata mara moja. Ubao ulijaa mpaka nikaandika kwenye ukingo wa fremu.

Mwishowe nikamgeukia Shiji. "Na wewe? Jana mchana, yule bibi wa nyonga."

Akashtuka. "Ulikuwepo, Ticha?"

"Nilikuwepo. Ulipomwambia chumma, ulimwambia nini?"

Alikaa kimya muda mrefu, na safari hii sikuhesabu sekunde. Kisha akaanza kuunganisha Kiingereza, kipande kwa kipande, macho yakiwa dirishani. Sentensi aliyoitoa ilikuwa ya kitoto, maneno mafupi mafupi, na haikuwa na kosa hata moja. Alisema: Sikuja kukufanya chochote. Nilitaka tu kukaa na wewe kidogo.

Mimi nikamwambia Shiji aiandike ubaoni mwenyewe, na nafasi ikawa haipo, nikamfutia benki na mlinzi wake.

Mtihani ulikuwa Kochi, tarehe ishirini na tatu ya mwezi wa nane. Alirudi na basi la saa tisa, akapanda ngazi hata kabla ya kwenda kwao. Darasa lilikuwa linaendelea. Nikawaambia wafunge vitabu, maana hakuna ambaye angenisikiliza.

"Nilipata mzee anayegoma kufanyiwa upasuaji," akasimulia. Alikuwa bado amekumbatia mwavuli. "Mtahini alikuwa mama mmoja mwenye miwani. Kabla sijakaa akaniambia kwa ukali, unataka nini tena?"

"Na wewe?"

"Ticha, lilikuja. Lilifika kwenye meno. Nililisikia kabisa, simply, na nikaona glasi zote ishirini na mbili."

"Shiji, usituue," akasema Tijo.

"Nikafunga mdomo. Nikamfikiria Ammachi na mfenesi wake. Nikavuta kiti, nikamwambia, sikuja kukufanya chochote, nilitaka tu kukaa na wewe kidogo." Akahamisha mwavuli mkono wa pili. "Akanyamaza. Nikadhani nimeharibu tena. Kumbe alikuwa anaangalia karatasi yake, kama anatafuta aseme nini, maana alikuwa amejiandaa kugomba na hakuna wa kugomba naye. Halafu akasema kwa sauti ndogo kabisa kwamba anaogopa hataamka. Kwenye kadi yangu hilo halikuwepo, Ticha. Tukaongea mpaka kengele. Nikamwambia, ngoja nikueleze upasuaji wenyewe ulivyo, simply."

Darasa zima likavuta pumzi.

"Yaani kwa njia rahisi," akasema Shiji, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alitabasamu mpaka meno ya mwisho. "Ile yao, siyo yetu."

Majibu tuliyangoja siku kumi na sita. Yalikuja asubuhi ya saa nne na nusu, tukiwa tunakunywa chai. Shiji alikuwa zamu ya jioni siku hiyo, kwa hiyo alikuwepo. Simu yake ikalia mlio mfupi, akaitazama, akampa Tijo. "Nisomee wewe. Mimi siwezi."

Tijo akasoma kimya. Uso wake ulikuwa mzito kama wa mtu aliyefiwa.

"Dada Shiji," akasema, "kwenye kuzungumza hukupata daraja walilokuwa wanalitaka." Akamwacha apauke kwanza, mshenzi yule. "Umepata la juu yake. La juu kabisa. Hakuna jingine baada ya hilo."

"Tijo, niambie kweli."

"Kweli. Lile la kwanza ndilo lilikuwa chumma."

Alimpiga na mwavuli, na nilimwacha ampige. Kelele zilizofuata zilimfanya Kunjachan apande mbio na unga mikononi akidhani dari limeanguka. Alipoambiwa, alishuka akarudi na trei ya keki zilizokuwa zimeagizwa na mtu mwingine kwa ubatizo. Wasichana walikuwa wanaruka, sakafu inatikisika, na mimi mwenyewe, mwanamke wa miaka sitini na nne mwenye magoti mabovu, niliruka pia.

Shiji akampigia mumewe, simu ikiwa kwenye spika. Ayalandi ilikuwa alfajiri. Ililia mara moja tu, ikapokelewa na mtu aliyeshtuka usingizini.

"Shiji? Kuna nini? Nimmi anaumwa?"

"Nimmi mzima, Ichaya," akajibu, kama wake wa kwetu wanavyowaita waume zao.

"Mama?"

"Mama mzima. Wote wazima."

"Barua ya hospitali imefutwa?"

"Haijafutwa."

"Sasa mbona umepiga saa hizi?"

Shiji akanitazama mimi, mbele ya watu ishirini walioziba midomo kwa viganja.

"Chumma," akamwambia.

Miaka mitatu simu zao zote zilikuwa na jambo: fomu, homa, ada, paa linavuja. Niliwaza kwamba huenda hakuna aliyewahi kumpigia yule kijana hivi hivi tu tangu avuke bahari. Na sauti yake ilipotoka, ilikuwa imelainika.

"Chumma tu?"

"Chumma tu," akasema Shiji, na machozi yakamwagika. "Halafu nimefaulu. Mfundishe mwenye nyumba wako jina la Nimmi, tunakuja."

Jobish alilia bila aibu, sote tukisikia, na darasa likalia naye, na Tijo akajidai ana vumbi machoni.

Watu wakaendelea kula keki za ubatizo. Mimi nikakusanya glasi, zote ishirini na mbili pamoja na ya Kunjachan, nikashuka nazo nyuma ya duka, nikafungua bomba, nikapandisha mikono ya blauzi. Maji yalikuwa ya baridi. Nilikuwa kwenye ya tano hivi nilipomsikia Kunjachan nyuma yangu.

"Ticha, wewe? Miaka yote hii sijakuona ukigusa hata kijiko. Leo unaosha glasi kwa nini?"

Nikasuuza ile iliyokuwa mkononi, nikaiinamisha kwenye trei.

"Simply," nikamwambia.

Juu ya ngazi mtu akapiga yowe la furaha. Alikuwa Tijo. "Nimesikia, Ticha. Darasa zima limesikia. Na za kesho ni zako."

Nikamwambia azilete na za kesho kutwa.